Kiasi cha Kosa kama Ushahidi wa Chanzo: Uchunguzi wa Saa Isiyo Sahihi katika Kompyuta zenye Mifumo ya Aina ya Unix

IKISIRI

Saa isiyo sahihi katika kompyuta huchukuliwa na wengi kuwa kasoro ndogo inayotibiwa kwa kuandika muda sahihi na kuendelea na kazi. Makala hii inatoa hoja tofauti: ukubwa wa kosa, mwelekeo wake na namna linavyobadilika kadiri siku zinavyopita ni ushahidi unaobainisha chanzo, na ushahidi huo hupotea mara saa inaporekebishwa kwa mkono. Kwa kurejelea kompyuta zenye mifumo endeshi ya aina ya Unix, hususani Linux, katika mazingira ya Afrika Mashariki, makala inafafanua matabaka matatu ya muda ndani ya kompyuta, inaainisha makosa kulingana na ukubwa wake, inapendekeza mpangilio wa hatua za uchunguzi na urekebishaji, na inaonesha ni data zipi za utafiti zinazoweza kuokolewa baada ya kosa kugunduliwa.

1.0 Utangulizi

Kila faili linalohifadhiwa katika kompyuta hupewa muhuri wa muda. Kila tukio linaloandikwa katika kumbukumbu za mfumo, kila kipimo kinacholetwa na kihisio cha joto au mvua, na kila ujumbe unaopokelewa na seva, hubeba muhuri wa aina hiyo. Mtafiti anayelinganisha vipimo vya vituo viwili huamini, pengine bila kufikiri, kwamba saa za vituo hivyo zinakubaliana. Imani hiyo isipokuwa na msingi, uhusiano wa sababu na matokeo unaojengwa juu ya data hizo huwa hauna msingi vilevile.

Athari za saa iliyopotoka haziishii katika data. Mfumo wa uthibitishaji wa Kerberos, unaotumika katika taasisi nyingi, kwa kawaida humkataa mtumiaji ambaye saa ya kompyuta yake imetofautiana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba mwaka ni 1970 huviona vyote kuwa havijaanza kutumika. Namba za siri za muda mfupi zinazotolewa na programu za simu kwa ajili ya uthibitishaji wa hatua mbili hukokotolewa, kwa kawaida, kwa vipindi vya sekunde 30, hivyo hata kosa la dakika chache hutosha kumfungia mtu nje ya akaunti yake.

Ili kuepuka utata, makala hii inaandika muda wa saa ya kompyuta kwa mtindo wa saa 24, mathalani 15:00, na urefu wa muda kwa tarakimu, mathalani saa 3. Saa ya Kiswahili, inapohitajika, imeandikwa kwa maneno, mathalani saa tisa alasiri.

2.0 Matabaka Matatu ya Muda

Kosa la saa haliwezi kuelezwa pasipo kutofautisha vitu vitatu ambavyo mtumiaji huviona kama kitu kimoja.

Tabaka la kwanza ni saa ya maunzi. Hii ni saketi ndogo iliyo katika bodi kuu ya kompyuta, inayoendelea kuhesabu hata umeme ukizimwa kwa sababu ina betri yake. Betri iliyozoeleka ni ile ya mviringo ya volti 3, aina ya CR2032. Mwendo wa saa hii huongozwa na fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ni 2 iliyopandishwa kipeo cha 15, kwa hiyo saketi huigawa kwa mbili mara kumi na tano na kupata pigo moja kwa sekunde.

Tabaka la pili ni saa ya mfumo. Kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo endeshi husoma saa ya maunzi mara moja, kisha huendelea kuhesabu chenyewe. Kinachohesabiwa si tarehe bali idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970, 00:00, kwa muda sanifu wa dunia, yaani UTC. Hesabu hii haijui Nairobi wala London. Ni namba moja kwa kompyuta zote duniani.

Tabaka la tatu ni tafsiri. Namba hiyo ya sekunde hugeuzwa kuwa tarehe na saa ya mahali kwa kutumia kanuni za ukanda wa saa. Kanuni hizo hutunzwa katika hifadhidata ya kanda za saa iliyoasisiwa na Arthur David Olson, na ambayo tangu mwaka 2011 iko chini ya IANA. Katika Linux, kanuni hizo huwekwa katika saraka ya /usr/share/zoneinfo, na faili la /etc/localtime huonesha ukanda uliochaguliwa. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia UTC+3. Rwanda, Burundi na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia UTC+2.

Umuhimu wa mgawanyo huu ni kwamba kosa linaweza kuwa katika tabaka moja huku mengine yakiwa salama. Ukanda ukikosewa, namba ya sekunde hubaki sahihi na ni maandishi ya kwenye skrini tu yanayopotosha. Saa ya maunzi ikikosewa, namba yenyewe imeharibika, na kila muhuri uliotolewa umeharibika pamoja nayo. Kwa macho, makosa haya mawili yanaweza kufanana kabisa. Kwa data, tofauti yake ni kubwa mno.

3.0 Uainishaji wa Makosa kwa Ukubwa Wake

3.1 Kosa la saa kamili

Kosa la saa kamili, lisilo na dakika za ziada, karibu kila mara halitokani na ubovu wa saa. Fuwele haina sababu ya kukosea kwa saa 3 kamili. Kosa la namna hii ni la tafsiri au la mkono wa binadamu.

Kwa kompyuta iliyoko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kosa la saa 3 lina vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni ukanda kuachwa katika UTC, jambo la kawaida kwa seva iliyosimikwa bila kuchaguliwa eneo. Hapo skrini huonesha 12:00 wakati muda halisi ni 15:00, yaani saa iko nyuma. Cha pili ni kompyuta yenye mifumo endeshi miwili, Windows na Linux. Windows, isipobadilishwa, huhifadhi muda wa eneo katika saa ya maunzi, ilhali Linux hutarajia humo kuwe na UTC. Windows ikiandika 15:00, Linux huisoma kuwa 15:00 ya UTC, kisha huongeza saa 3 na kuonesha 18:00. Saa iko mbele. Linux nayo ikiandika UTC, Windows huonesha saa 3 nyuma. Katika Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, hitilafu hiyohiyo hujitokeza kama kosa la saa 2. Kwa hiyo ukubwa wa kosa ni sawa na umbali wa eneo kutoka UTC, na ulinganifu huo ndio alama yake.

Kosa la saa 6 linastahili uangalifu wa pekee katika eneo letu, kwa kuwa lina vyanzo viwili visivyohusiana. Chanzo kimoja ni alama za kujumlisha na kutoa katika majina ya kanda. Katika majina yanayoanza na Etc, alama hizo zimegeuzwa kinyume cha matarajio: Etc/GMT-3 ndiyo UTC+3, na Etc/GMT+3 ni UTC-3. Msimamizi anayechagua Etc/GMT+3 akidhani ni Afrika Mashariki hujikuta saa 6 nyuma. Chanzo kingine ni saa ya Kiswahili yenyewe, ambayo huanza kuhesabu mchana katika macheo na kwa hiyo hutofautiana na saa ya kompyuta kwa saa 6. Mtu anayeambiwa kuwa sasa ni saa tatu asubuhi, akaandika 03:00 badala ya 09:00, ameirudisha saa nyuma kwa saa 6. Akifanya hivyo saa tatu usiku, ambayo ni 21:00, bila kubadili tarehe, ameirudisha kwa saa 18.

Kosa linalobadilika kwa misimu ni dalili nyingine ya ukanda. Afrika Mashariki haisogezi saa zake wakati wa kiangazi cha Ulaya. Kompyuta iliyowekwa ukanda wa Europe/London itakuwa nyuma kwa saa 3 mwezi Januari na kwa saa 2 mwezi Julai, na mabadiliko yatatokea Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Anayepima mara moja tu hawezi kuliona hilo.

3.2 Kosa la miaka

Kompyuta inayowaka ikionesha 1970, au tarehe ya chaguo-msingi iliyowekwa na mtengenezaji wa bodi, imepoteza kumbukumbu ya saa ya maunzi. Katika kompyuta ya kawaida, betri imekwisha. Inafaa kukumbuka kwamba mwanzo wa hesabu ya Unix, ukitafsiriwa kwa ukanda wetu, ni 03:00, yaani saa tisa usiku ya 1 Januari 1970. Kuona saa hiyo badala ya 00:00 si kosa jipya, bali ni uthibitisho kwamba ukanda umewekwa vizuri na kwamba hesabu ndiyo iliyoanza upya.

3.3 Kosa linalolingana na muda wa kuzimwa

Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 5 hazina saa ya maunzi kabisa. Mfumo wake huhifadhi muda wa mwisho katika faili na kuanzia hapo unapowashwa tena. Umeme ukikatika kwa saa 5, na mtandao usipokuwapo, saa itakuwa nyuma kwa takribani saa 5. Ukikatika tena, kosa hujumlishwa. Hali hii ni hatari kuliko ya 1970 kwa sababu tarehe inayooneshwa inaaminika: si ya ajabu, ila si ya kweli.

3.4 Kosa linalokua kidogo kidogo

Aina ya mwisho ni kuchepuka kwa fuwele. Fuwele yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni huchepuka kwa sekunde 1.728 kila siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi wa siku 30. Mwendo wa fuwele hubadilika pia kulingana na joto, hivyo kifaa kilichofungwa juani hakitachepuka sawa na kilicho ndani ya maabara. Kosa la namna hii huashiria kwamba kompyuta haipati marekebisho kutoka nje.

Jedwali Na. 1: Muhtasari wa dalili kwa kompyuta iliyo katika UTC+3

| Kosa linaloonekana | Amri ya date -u | Chanzo kinachoelekea |
|---|---|---|
| Saa 3 nyuma | Sahihi | Ukanda umeachwa katika UTC |
| Saa 3 mbele | Si sahihi | Saa ya maunzi ina muda wa eneo |
| Saa 6 nyuma | Sahihi | Alama ya ukanda imegeuzwa |
| Saa 6 nyuma | Si sahihi | Saa ya Kiswahili imeandikwa kwa mkono |
| Miaka | Si sahihi | Betri ya saa ya maunzi imekwisha |
| Sawa na muda wa kukatika umeme | Si sahihi | Hakuna saa ya maunzi |
| Sekunde zinazoongezeka | Si sahihi | Fuwele inachepuka bila kusahihishwa |

4.0 Mpangilio wa Uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuandika hali ilivyo kabla ya kugusa chochote. Amri ya date huonesha muda wa eneo. Date -u huonesha UTC. Date +%s hutoa namba ya sekunde. Katika Linux zenye systemd, amri ya timedatectl huonesha kwa pamoja muda wa eneo, UTC, saa ya maunzi, ukanda, na kama saa inasahihishwa kwa mtandao. Matokeo ya amri hizi yahifadhiwe pamoja na muda uliosomwa, kwa wakati huohuo, katika chombo huru kinachoaminika, kama vile kompyuta nyingine iliyothibitishwa kuwa inasahihishwa kwa mtandao.

Hatua ya pili ni kutenga tabaka lenye kosa. Kipimo kinachoamua ni date -u. Msomaji wa Kiswahili anaweza kukihakiki bila chombo chochote zaidi ya saa ya ukutani: katika UTC+3, saa ya Kiswahili ya mchana ikiongezwa 3 hutoa saa ya UTC. Saa tatu asubuhi ni 06:00 ya UTC. Saa tisa alasiri ni 12:00. Ikiwa UTC ni sahihi na muda wa eneo si sahihi, kosa ni la ukanda. Ikiwa vyote viwili si sahihi, kosa ni la hesabu, na uchunguzi unahamia kwenye saa ya maunzi na mtandao.

Hatua ya tatu ni kuchunguza namna mfumo unavyoielewa saa ya maunzi. Mstari wa tatu wa faili la /etc/adjtime huwa na neno UTC au LOCAL. Katika FreeBSD, kuwapo kwa faili la /etc/wall_cmos_clock humaanisha kwamba saa ya maunzi inachukuliwa kuwa na muda wa eneo.

Hatua ya nne ni kuchunguza usahihishaji kwa mtandao. Itifaki inayotumika ni NTP, iliyobuniwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, na ambayo toleo lake la nne lilichapishwa kama RFC 5905 mwaka 2010. Kompyuta hutuma ombi kupitia mlango wa UDP namba 123 na kulinganisha nyakati nne: ombi kutumwa, ombi kupokewa na seva, jibu kutumwa, na jibu kufika. Ukokotoaji huchukulia kwamba safari ya kwenda na ya kurudi zina urefu sawa. Zisipokuwa sawa, kosa linaweza kufikia nusu ya muda wa safari nzima: kwa safari ya milisekunde 300, kosa haliwezi kuzidi milisekunde 150. Kwa kazi nyingi kiasi hicho kinavumilika. Tatizo la mara kwa mara ni jingine kabisa: ukuta wa usalama wa mtandao wa taasisi kuzuia mlango wa 123, na programu kuendelea kuuliza pasipo kujibiwa. Amri ya chronyc sources hulidhihirisha hilo papo hapo kwa wanaotumia chrony.

5.0 Urekebishaji na Mipaka Yake

Kosa la ukanda hurekebishwa kwa amri ya timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, au jina la mji unaohusika. Jina la mji ni bora kuliko jina lenye alama ya kujumlisha au kutoa. Kosa la saa ya maunzi yenye muda wa eneo hurekebishwa kwa timedatectl set-local-rtc 0, kisha, saa ya mfumo ikishakuwa sahihi, hwclock --systohc. Na Windows nayo ipangwe itumie UTC, la sivyo kosa litarudi. Betri iliyokwisha hubadilishwa.

Usahihishaji kwa mtandao una njia mbili. Ya kwanza ni kuivuta saa polepole, bila kuirusha. Ya pili ni kuirusha mara moja hadi muda sahihi. Kuvuta polepole ni salama zaidi kwa hifadhidata, kwa sababu muda haurudi nyuma. Hata hivyo, kwa kasi ya sehemu 500 kwa milioni inayotumiwa na programu ya ntpd, kuondoa kosa la sekunde 1 huchukua sekunde 2,000, na kuondoa kosa la saa 3 kungechukua siku 250. Makosa makubwa hayana budi kurushwa, na ni busara kusimamisha hifadhidata kwanza endapo saa inarudishwa nyuma.

Ifahamike pia kwamba ntpd, isipoelekezwa vinginevyo, hujifunga yenyewe inapokuta kosa linalozidi sekunde 1,000, kwa kuchukulia kwamba jambo kubwa hivyo linahitaji binadamu. Kompyuta iliyopoteza betri inaweza hivyo kukosa msaada pale inapouhitaji zaidi. Mzunguko mwingine wa aina hiyo hutokea pale ambapo majina ya seva hulindwa kwa saini zenye tarehe: saa ikiwa katika 1970, saini hukataliwa, jina la seva ya muda halipatikani, na saa hubaki ilivyo. Njia ya kuuvunja ni kukadiria muda kwa mkono kwanza, kisha kuuachia mtandao umalizie.

6.0 Hatima ya Data Zilizokwisha Kukusanywa

Kurekebisha saa hakurekebishi yaliyopita. Uwezekano wa kuokoa data hutegemea aina ya kosa.

Kosa likiwa la ukanda, mihuri iliyohifadhiwa kama namba ya sekunde ni sahihi na haihitaji kuguswa. Iliyohifadhiwa kama maandishi ya muda wa eneo hutafsiriwa upya kwa ukanda uliokuwapo. Kosa likiwa la saa ya maunzi, mihuri yote ya kipindi husika hupunguzwa au kuongezwa kiasi kimoja, mradi kiasi hicho kilipimwa kabla ya marekebisho.

Kosa la kuchepuka hugawanywa kwa uwiano. Tuchukulie kifaa kilichowekwa sahihi siku ya kwanza na kukutwa kiko mbele kwa sekunde 90 baada ya siku 60. Muhuri wa siku ya 20 utapunguzwa sekunde 30, na wa siku ya 40 sekunde 60. Hesabu hii huchukulia mchepuko wa kasi moja, dhana inayodhoofika joto linapobadilika sana.

Kosa la kukatika kwa umeme ndilo gumu kuliko yote. Mpangilio wa vipimo kwa kawaida huhifadhika, lakini vipindi kati ya kuzimwa na kuwashwa havijulikani. Msaada uliopo ni saa ya ndani isiyorushwa, inayohesabu tangu kompyuta ilipowashwa. Amri ya journalctl -o short-monotonic huionesha. Ndani ya kipindi kimoja cha kuwaka, saa hiyo hutoa umbali sahihi kati ya matukio. Likipatikana tukio moja la nje lenye muda unaojulikana, kama vile ujumbe uliopokelewa na seva nyingine, kipindi kizima hupata mahali pake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kosa la saa kamili huelekeza kwenye ukanda au mkono wa binadamu, kosa la miaka kwenye betri, kosa linalolingana na kukatika kwa umeme kwenye ukosefu wa saa ya maunzi, na kosa linalokua kwenye fuwele isiyosahihishwa. Uainishaji huo huwezekana tu iwapo kosa limepimwa na kuandikwa kabla ya kuondolewa.

Kutokana na hoja hiyo, inapendekezwa kwamba tasnifu inayotumia data zilizokusanywa kwa vifaa vya kielektroniki ieleze, katika sura ya mbinu za utafiti, mambo manne: ukanda wa saa uliotumika, chanzo cha usahihishaji, kosa lililopimwa mwanzoni mwa ukusanyaji, na kosa lililopimwa mwishoni. Mtahini anayekuta jedwali la vipimo vilivyoandikwa hadi sekunde ana haki ya kuuliza sekunde hizo ni za saa ipi. Mtafiti aliyepima ana jibu; aliyeirekebisha saa bila kupima hana tena njia ya kulipata.